Kabla hujanunua ng'ombe, panda majani kwanza

Simu ninazopigiwa sana siku hizi ni za namna moja, mtu kastaafu au kapata kamkopo, ana kihamba (shamba la nyumbani la Kichagga) cha baba yake huku Kilimanjaro, anataka ng'ombe wa maziwa. "Daktari, nitafutie mtamba mzuri wa Friziani." Mi ni afisa mifugo, ila huku kwetu kila anayeshika sindano ya ng'ombe ni daktari. Swali langu kwake ni moja tu, majani umepanda wapi? Wengi wananyamaza kwanza, halafu wanasema, si kuna migomba bwana, kihamba chote kimejaa migomba!

Sasa hapo kwenye migomba ndo nataka tukae kidogo leo, kwa sababu yalinikuta mwenyewe na wakati huo nilishamaliza chuo cha mifugo Tengeru na vyeti ninavyo.

Nilipoolewa huku tulipewa kihamba cha kama robo tatu ya eka, kina migomba, kahawa za zamani, magimbi kandokando ya mfongo (mfereji wa maji) na parachichi mbili kubwa. Tukanunua mtamba mwenye mimba mwezi wa nane, akazaa wa kumi, mvua za vuli zikaja vizuri, kila ukingo ulikuwa na majani na tukawa tunakamua lita 12 kwa siku asubuhi na jioni. Nilifurahi mno. Ilipofika katikati ya Januari jua likawaka, kingo zikakauka, nikaanza kukata mashina ya migomba kila siku na kumjazia kihori, anakula kweli kweli, na maziwa yanashuka tu, 9, 7, mwezi wa pili tuko lita 4. Kilichonichanganya ni tumbo. Sisi tunafundishwa uangalie ule ubavu wa kushoto, pale nyuma ya mbavu kuna kishimo, kikibonyea ujue hajashiba. Wake kilikuwa kimejaa! Lakini uti wa mgongo unaonekana na kinyesi kinamwagika kama maji, kinyesi cha ng'ombe aliyelishwa vizuri kinatakiwa kianguke kama uji mzito na kikae mahali pake.

Mama mkwe wangu alikuja jioni moja, akasimama pale bandani muda mrefu akamwangalia, akaniambia, "Mwanangu, huyu anakunywa, hali."

Ndo hivyo hasa. Shina la mgomba zaidi ya asilimia 90 ni maji. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji chakula cha kama kilo 12 kwa siku ukishatoa maji yote, sasa ukimpa kilo 50 za mashina, na hizo ni mzigo mkubwa, unakuwa umempa chakula chini ya kilo 5 na kilichobaki ni maji umemjazia tumboni. Protini ndo karibu hamna kabisa. Anakosa nguvu ya kutengeneza maziwa, anakula mafuta ya mwili wake mwenyewe, na jambo ambalo watu hawalioni mapema ni kwamba haji kwenye joto, yaani hatafuti dume. Ng'ombe akishazaa tunataka ashike mimba tena ndani ya miezi mitatu hivi, maana mimba yenyewe ni kama siku 280, ndo upate ndama kila mwaka. Wangu alikaa mpaka mwezi wa sita, miezi minane nzima. Kila siku 21 (mzunguko wa joto) zinazopita hajapandwa ni hela inaondoka, na wewe unamlisha vilevile.

Sisemi usimpe migomba, naomba nieleweke. Maganda ya ndizi ni chakula kizuri, majani ya mgomba yanasaidia, na shina wakati wa kiangazi linakupunguzia kazi ya kubeba maji kwa sababu ng'ombe wa maziwa anakunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Mi nalikatakata vipande vidogo nachanganya na mabua ya mahindi makavu kutoka shamba la chini, yale makavu yanapata unyevu yanalainika mdomoni. Ila ni kiongezeo. Likiwa ndo mlo wenyewe umemuua ng'ombe wako taratibu.

Basi majani. Kwa ng'ombe mmoja unahitaji kama nusu eka ya matembo (majani ya tembo) iliyotiwa samadi vizuri, na ardhi ikiwa imechoka ni eka nzima. Najua utasema kihamba chote hakifiki hapo, vyetu vimegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vimebaki vipande. Sisi tulifanya hivi, matembo tulipanda kwenye kingo zote za matuta (yanashika na udongo usiteremke), pembeni mwa mfongo, mpakani nyuma ya masale (mimea ya kuweka mpaka), na kipande kule tambarare tunakolima mahindi. Unachukua kipando chenye macho matatu, mawili unayafukia moja linabaki juu, unalaza kidogo. Chukua kwenye shina lenye afya, kuna ugonjwa wa kudumaa, matembo yanakuwa ya njano na mafupi, ukibeba kipando cha pale umebeba ugonjwa shambani kwako. Mkato wa kwanza ni baada ya miezi mitatu au minne, baadaye kila wiki sita mpaka nane yakifika kama mita moja, unaacha kisiki cha upana wa kiganja. Watu wanayaacha yanapita kichwa cha mtu wakidhani wanapata mengi, yaani pale umebakiza mti, protini ilishaondoka na ng'ombe anachambua majani anaacha bua.

Kitu cha pili ni kaliandra, mti wa majani ya kulishia mifugo, na hapa naomba unisikilize kama hutasikiliza kingine. Watafiti walipima kule Embu, Kenya, wakakuta kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinafanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Ng'ombe mmoja kwa mwaka mzima anataka miti kama 500. Inasikika mingi lakini ukiipanda miwili kila mita ni ua wa mita 250, na kihamba kikizungukwa chote na kingo zikitumika unafika au unakaribia. Mi ninayo kama 300 hivi na pumba na mashudu ninayonunua nimepunguza karibu nusu.

Halafu matembo yakizidi wakati wa masika usiyaache yakomae, tengeneza saileji, yaani majani yaliyovundikwa bila hewa. Hauhitaji shimo la gharama, mifuko mikubwa ya nailoni inatosha. Yakate, yaache yanyauke nusu siku, katakata vidogo, nyunyizia molasi iliyochanganywa na maji, shindilia kwa miguu mpaka hewa yote itoke ndo ufunge. Hewa ikibaki inaoza. Ukifungua baada ya wiki sita harufu yake ni kama ya mtindi hivi, tamu tamu chachu. Januari ndo unaifungua.

Siku yenyewe inaanza saa kumi na moja alfajiri. Nanawa, naosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu nakausha kwa kitambaa chake, matone ya kwanza ya kila chuchu nakamulia kwenye kikombe cheusi, nikiona vibonge au maji maji najua ugonjwa wa kiwele umeingia na maziwa hayo hayaendi kwenye ndoo. Akishachomwa antibiotiki maziwa yake hatunywi wala hatuuzi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Hili sina msamaha nalo, hata mteja akisema yeye anachemsha, kuchemsha hakutoi dawa.

Samadi inarudi kwenye migomba, ila haiendi mbichi, nairundika nafunika na majani ya mgomba, naigeuza, baada ya miezi mitatu inakuwa nyeusi haina harufu. Huwezi kuamini mkungu wa mshare (ndizi za kupika) uliolishwa hivyo, na maganda yake yanarudi kihorini. Mnafu, mboga ya majani, napanda pembeni mwa lundo lenyewe, hauhitaji mambo mengi.

Kuku wanajitafutia, usiku wanapata pumba kidogo. Nachofuatilia kwao ni kideri tu kwa kweli, ugonjwa wa kuku unaoua wengi kwa mpigo, chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila miezi mitatu, kuku wazima sio ambao wameshaanza kusinzia. Chupa moja inatosha kuku wa nyumba nyingi kwa hiyo tunachanga majirani, nazunguka nayo asubuhi mapema kabla hawajafunguliwa. Vifaranga wiki za kwanza wanakaa chini ya tenga maana mwewe wa huku hana huruma.

Jumapili tunapika mtori, mshare wetu, maziwa yetu, nyama ndo tunanunua. Mama mkwe akija anapitia bandani kwanza kabla ya kuingia ndani, anaangalia kinyesi, anaangalia kihori, ndo anaanza kusalimia watu.

Yule mstaafu wa wiki iliyopita nimemwambia mtamba tutatafuta mwakani. Mvua za masika ziko karibu, vipando vya matembo natoa bure kwa walio jirani, mtu aje na panga lake na kamba.