Kupima mionzi hafifu: kina cha maabara peke yake hakitoshi

Watu wakisikia kuwa maabara iko mamia ya mita chini ya ardhi, hudhani kazi imekwisha. Mwamba huondoa tatizo moja tu, yaani muoni, chembe ndogo zinazotokana na miale ya kosmiki inayotoka angani. Kwenye usawa wa bahari hupita takriban muoni moja katika kila sentimita ya mraba kila dakika, na ngome ya risasi (ile metali nzito) ya sentimita 15 iliyozungushiwa kigunduzi cha jerimani, elementi inayonasa miale ya gama, haizizuii. Tena zikigonga risasi huzaa neutroni na miale ya gama humo humo ndani ya ngome.

Maabara ya HADES, kule Mol nchini Ubelgiji, iko mita 225 chini, ndani ya tabaka la udongo wa mfinyanzi. Kinga yake ni sawa na mita 500 hivi za maji, na muoni hupungua mara elfu kadhaa. Maabara ya Gran Sasso nchini Italia imefunikwa na mita 1,400 za mwamba. Huko hubaki kama muoni moja kwa mita ya mraba kwa saa. Kwa anayepima udongo au mashapo ya ziwa, kina hicho cha ziada hakimwongezei mengi, kwa sababu kinachotawala spektra (mchoro wa hesabu za miale kwa kila nishati) sasa ni mionzi ya vifaa vyenyewe. Wanaotafuta mata nyeusi, ile mata ya ulimwengu isiyoonekana, ndio wanaokihitaji hasa.

Anza na risasi. Ile ya kawaida ya viwandani ina risasi-210, aina yake yenye mionzi na nusu-uhai wa miaka 22, na huwezi kuichuja kikemia kwa kuwa nayo ni risasi. Zao lake, bismuthi-210, hutoa chembe za beta za hadi 1,160 keV (kipimo cha nishati), nazo zikisimamishwa ndani ya risasi hutoa eksirei zinazofunika upande wa chini wa spektra. Dawa ni umri tu, ndiyo maana Gran Sasso hutumia risasi ya Kirumi iliyoopolewa kutoka meli iliyozama karibu na Sardinia. Kwa kipimo cha kawaida, weka risasi ya bei nafuu nje, ile yenye bekereli (mmeguko mmoja kwa sekunde) chache kwa kilo ndani, kisha shaba safi ya kielektrolisisi. Shaba nayo isikae juu ya ardhi muda mrefu, wala isisafirishwe kwa ndege: neutroni za kosmiki huizalishia kobalti-60, na vilele vya 1,173 na 1,332 keV vitakusumbua kwa miaka.

Radoni, gesi yenye mionzi iliyomo hewani, ndiyo sumbufu kuliko zote. Elekeza nitrojeni inayochemka kutoka kwenye tangi la kupoozea kigunduzi iingie ndani ya ngome, shinikizo likizidi la nje kidogo. Kila ukifungua kubadilisha sampuli, hewa ya chumba huingia. Tupa data za saa za mwanzo. Hifadhi spektra vipande vipande, tuseme kimoja kwa siku, badala ya faili moja la wiki nzima. Kilele cha 609 keV, cha mazao ya radoni, kikipanda na kushuka kati ya vipande, hiyo ni radoni ya hewani, si sampuli yako.

Sampuli ya kupima radiamu-226 ikaushwe, ijazwe hadi kwenye kifuniko, izibwe kabisa, kisha isubiri wiki 3 hadi 4 ili mazao ya radoni yafikie msawazo. Nafasi ikibaki juu, radoni hujikusanya hapo na jibu linapotoka. Usitegemee kilele cha 186 keV cha radiamu yenyewe, kwani urani-235 ina kilele karibu mahali pale pale.

Faida yote huonekana kwenye kanuni ya Currie: kikomo cha ugunduzi (hesabu chache kabisa zinazoweza kutambuliwa) ni 2.71 jumlisha 4.65 mara kipeuo cha pili cha hesabu za usuli, yaani zile zisizotoka kwenye sampuli. Usuli wa hesabu 10,000 unakupa kikomo cha 468. Wa 100 unakupa 49. Wa hesabu moja unakupa 7 na kitu. Ukifika huko, kuhamia mgodi wenye kina zaidi hakukuongezei kitu cha maana: tafuta sampuli kubwa zaidi, au iache ipimwe wiki nyingine.