Mori Ukipanda Mezani: Maswali na Majibu Kuhusu Poka na Afya ya Akili

Poka ni mchezo wa karata wenye hesabu, bahati, mikwara (kujifanya una karata nzuri) na, mara nyingi, pesa. Maswali yafuatayo huulizwa na wanaoucheza na wanaoishi nao. Nitangulize msimamo wangu: utulivu mwingi huandaliwa kabla mtu hajakaa mezani. Anayesubiri mori umpande ndipo aanze kutafuta busara amechelewa.

Kwa nini nikiliwa vibaya akili inahama, hata kama nilicheza sawasawa?

Ubongo hupokea hasara ya ghafla kama tishio. Sehemu ndogo iitwayo amigdala hupiga kengele, adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unakwenda mbio na viganja vinatoa jasho. Wakati huohuo gamba la mbele la ubongo, linalopima matokeo na kuzuia pupa, hupungukiwa nguvu. Wachezaji huiita hali hii tilti. Mtu aliye kwenye tilti bado anajua kanuni zote za mchezo, ila hazitumii.

Kuna jambo la pili. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba kupoteza huuma kuliko kupata kunavyofurahisha, na makadirio ya baadaye yaliweka tofauti hiyo karibu mara mbili. Ndiyo maana mtu aliyeshinda na kushindwa kiasi kilekile jioni nzima anaweza kurudi nyumbani amenuna kana kwamba ameibiwa.

Poka ina kero yake ya ziada: aliyekosea anaweza kuzoa pesa zote mbele ya macho yako, tena akicheka. Hasira ya kuona umedhulumiwa ni nzito kuliko hasira ya kushindwa tu, na meza ya poka huzalisha hasira ya aina hiyo kila siku.

Lakini nilikuwa na ree mbili! Nimeshindwaje?

Kwa njia ya kawaida kabisa. Katika poka inayochezwa sana, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata za wote hufunuliwa katikati ya meza; ree mbili ndizo bora za kuanzia. Ree mbili zikikutana na wafalme wawili kabla ya karata za katikati kufunuliwa, hushinda takriban mara 82 katika 100. Zile 18 zilizobaki zipo, na leo imekuangukia mojawapo. Wapinzani wakiwa watatu au wanne, nafasi yako inashuka zaidi.

Kinachochanganya ni kwamba ree mbili hugawiwa kwa wastani mara moja katika migao 221. Unazingoja muda mrefu mpaka unaanza kuhisi unadai haki yako. Karata hazina kumbukumbu wala hazilipi madeni. Mwaka 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti, mchezo wa gurudumu la bahati, uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu waliliwa pesa nyingi kwa kuendelea kuweka dau kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika.

Pima uamuzi wako kwa ulichokijua ulipouamua. Andika mgao ule uliokuuma kwenye daftari, uusome kesho. Asubuhi utaona kama ulikosea au ulikuwa upande wa zile mara 18, na kwa kawaida jibu linakuja bila kelele.

Nitajuaje kwamba tayari nimevurugika?

Mwili hutangulia. Taya zinakaza, mabega yanapanda kuelekea masikioni, pumzi inakuwa fupi, uso unawaka. Baadaye tabia inafuata: unacheza karata ambazo saa moja iliyopita ungezitupa, unaongeza dau ili kurudisha haraka, unamwinda mtu mmoja tu mezani, unamlaumu mgawaji ambaye hana kosa lolote.

Lipo pia vurugiko la mshindi, na watu hawalisemi sana. Baada ya kushinda mfululizo mtu hujiona hagusiki, anacheza kila karata na kupiga mkwara ovyo. Hajisikii vibaya hata kidogo, kwa hiyo hatafuti dawa. Wengine huvurugika kimyakimya: hawana hasira tena, wamekata tamaa, wanasukuma dau bila kujali litakwenda wapi.

Nikishagundua, nifanye nini papo hapo?

Inuka. Kupumua polepole husaidia: vuta hewa kwa sekunde 4, itoe kwa sekunde 6, endelea kwa dakika kadhaa. Pumzi ndefu ya kutoa huamsha neva ya vagasi, ambayo hupunguza kasi ya moyo.

Hata hivyo, usidanganyike na mapumziko ya dakika tano. Adrenalini hushuka upesi, lakini homoni nyingine ya msongo, kotisoli, hufikia kilele takriban dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko kuanza. Ukienda msalani, ukanawa uso na kurudi, unakaa tena mezani wakati mwili unaelekea kileleni. Toka nje, tembea nusu saa au zaidi, kunywa maji. Na kwa maoni yangu, ukivurugika mara mbili katika kikao kimoja, funga hesabu uende kulala.

Maandalizi ya kabla ni yapi hasa?

Pesa kwanza. Cheza na kiasi ambacho, kikiisha chote usiku mmoja, kodi ya nyumba, ada za watoto, dawa na chakula havitaguswa. Pesa ya kukopa isikaribie meza, maana mwenye deni huanza mchezo akiwa tayari ameshavurugika. Kumbuka pia kwamba mwenye ukumbi au tovuti hukata sehemu yake, ama kwenye pesa zinazoshindaniwa ama kama malipo ya kiti, kwa hiyo wachezaji wote kwa pamoja huondoka na pungufu ya walichokuja nacho. Wanaofaidi kwa muda mrefu ni wachache. Kujiambia "nitazirudisha tu" ni matumaini, na mfukoni matumaini hayahesabiki.

Kikomo cha hasara na saa ya kuondoka viandike ukiwa na akili tulivu, kisha umwambie mtu mwingine. Tovuti nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha pesa unazoweza kuingiza kwa siku au kwa mwezi. Kiweke asubuhi, kwa kuwa usiku, ukiwa umeliwa, hutakiweka. Ukienda ukumbini, acha kadi ya benki nyumbani. Naona hatua hii ndogo ina nguvu kuliko mawaidha yote ya kujikaza.

Halafu usingizi, ambao wachezaji huudharau kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba mtu aliyekesha kati ya saa 17 na 19 hufanya majaribio ya umakini kwa kiwango kinacholingana na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, au vibaya zaidi. Katika nchi nyingi hicho ndicho kikomo cha dereva. Aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi anafika hali hiyo kabla ya saa sita usiku, muda ambao meza nyingi ndiyo kwanza zinachangamka. Kahawa huficha uchovu bila kuuondoa, na nusu ya kafeini yake bado inazunguka mwilini kama saa tano baadaye, hivyo usiku wa kesho nao unaharibika. Kuhusu pombe sina mengi: inalegeza breki zilezile unazozihitaji.

Uso wangu uwe mkavu. Je, si lazima nizime hisia?

Uso ni kazi ya uso. Kilicho ndani ni suala jingine. Mwanasaikolojia James Gross na wenzake wameonyesha kwamba kuficha hisia usoni hakuipunguzi ile hisia mbaya yenyewe. Mwili hufanya kazi zaidi, na kumbukumbu ya kilichotokea wakati huo hudhoofika. Kwenye poka kumbukumbu ni mtaji: nani aliongeza dau, nani alisita.

Kinachosaidia zaidi ni kuitaja hisia kimoyomoyo, kwa maneno ya wazi: "Nimekasirika kwa sababu ameshinda kwa bahati." Uchunguzi wa picha za ubongo umeonyesha kwamba kuipa hisia jina hupunguza shughuli za amigdala. Baada ya hapo badilisha tafsiri. Mpinzani anayefuata madau yako akiwa na karata mbovu ndiye huyohuyo anayekuletea faida siku nyingine.

Kucheza kwa simu au kompyuta kuna tofauti?

Kubwa. Mezani, mgawaji hugawa kama mara 25 hadi 30 kwa saa. Mtandaoni meza moja huweza kupita 60, na mtu anafungua meza kadhaa kwa pamoja. Hakuna muda wa hasira kupoa kati ya mgao na mgao, pesa inageuka namba tu kwenye kioo, na hakuna jirani wa kukuuliza kama uko sawa. Yote niliyosema juu ya kikomo na saa ya kuondoka yanahitajika maradufu hapa.

Dawa ninazotumia zinaweza kuhusika?

Ndiyo. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson na za miguu isiyotulia, kama pramipeksoli na ropiniroli, zinajulikana kuamsha hamu ya kamari isiyozuilika kwa baadhi ya watumiaji. Aripiprazoli, inayotumika kwa magonjwa ya akili, ina tahadhari ya namna hiyo pia. Kama hamu ilikuja baada ya kuanza au kuongeza dawa, mwambie daktari mapema. Usiiache mwenyewe ghafla.

Lini si suala la utulivu tena, ni ugonjwa?

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kama ugonjwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la mwaka 2013, unataja dalili tisa, na nne ndani ya miezi 12 zinatosha kwa utambuzi. Miongoni mwake: kuhitaji dau kubwa zaidi ili usisimke, kujaribu kuacha ukashindwa tena na tena, kucheza ili kukimbia huzuni au wasiwasi, kurudi kesho kufukuzia ulichopoteza leo, kuwadanganya watu wa nyumbani, na kutegemea wengine wakuokoe na madeni.

Ukijiona humo, mbinu za kupumua nilizoeleza hapo juu hazikufai. Zaweza hata kukudhuru, kwa kukupa kisingizio cha kurudi mezani ukidai kwamba sasa umejifunza kujituliza. Tiba yenye ushahidi mzuri ni ya mazungumzo, hasa tiba ya utambuzi na tabia, na wakati mwingine daktari huongeza dawa kama naltreksoni. Vikundi vya Gamblers Anonymous, vya watu wanaosaidiana kuacha kamari, vilivyoanzia Los Angeles mwaka 1957, hukutana katika nchi nyingi. Unaweza pia kuomba tovuti au kasino ikufungie usicheze kwa muda maalumu.

Mume wangu amezama kwenye poka. Nimlipie madeni?

Usimpe pesa mkononi. Deni linalolipwa kimyakimya mara nyingi hufungua nafasi ya deni jipya. Tenganisha akaunti, linda akiba na hati za nyumba, kisha zungumza naye siku ambayo hajatoka kuliwa. Mweleze ulichokiona kwa macho yako: bili ambayo haikulipwa, usiku ambao hakurudi. Ukianza na matusi atajitetea tu.

Jambo moja halisubiri. Uraibu wa kamari na madeni huongeza hatari ya kujiua. Akisema amechoka kuishi, au anaanza kugawa vitu vyake na kuaga, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na silaha karibu naye, na mfikishe hospitali siku hiyohiyo.