Yasmini Mbeya haifi kwa baridi, inakufa kwa ndoo ya maji

Kila ikifika mwezi wa 6 nasikia lile lile, majani ya yasmini yanageuka njano yanapukutika, na jirani ana jibu tayari kabla hujamaliza hata kuuliza: hilo ua la pwani bana, huku kwetu halikai. Nakataa kabisa, maana yangu ya kwanza ilikufa hivyo hivyo na nikailaumu baridi, kumbe ni mimi na ndoo yangu.

Iko hivi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 joto linashuka chini ya sentigredi 10. Hii yasmini ya maua meupe, ile ya kwenye vikuba vya Unguja, vile vishada vya maua ya kunukia wanavyovaa wanawake, ambayo wataalamu wanaiita Jasminum sambac, kwa baridi ya hivyo haifi, inalala tu. Haichipui, haitoi maua, na mizizi inakunywa maji kidogo sana. Sasa wewe unaona majani yana njano unasema ina kiu, unaongeza ndoo, kesho tena ndoo, maji yanasimama pale chini na mizizi inaoza, af majani yanazidi kuwa njano na wewe unazidi kumwaga. Kipindi cha baridi chomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili, kama kuna unyevu acha, hata wiki ipite. Na wa Tukuyu, ambako mvua haina masihara, pandisha tuta kwanza ndo uchimbe shimo juu yake.

Baridi inayoiua kweli ni ya umande ukiganda, ile asubuhi unakuta majani meupe yakipigwa jua yanaungua. Hiyo wa Makete na Njombe wanaijua. Huko mimi nisingehangaika na ya vikuba, ningetafuta yasmini ya vitumba vya pinki, Jasminum polyanthum, asili yake China, yenyewe inahitaji usiku wa ubaridi ndo ifunge vitumba, kwa hiyo hali ya hewa inayoitesa ile nyingine hii inaifurahia.

Halafu kuna hili la ukuta, nalo linaniuma maana watu wanafuata intaneti kwa nia nzuri kabisa. Wanasoma kwamba mmea wa joto upandwe kwenye ukuta unaotazama kusini. Hiyo ni ya Ulaya na Marekani! Sisi tuko chini ya ikweta, mwezi wa 6 jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini kipindi cha baridi unashinda kivulini. Panda unaotazama kaskazini, tofali zinakula jua mchana na usiku zinairudishia yasmini joto kidogo kidogo. Nilihamisha mche mmoja tu toka nyuma ya nyumba kuja mbele na sijajuta.

Mbolea. Huku kila nyumba ina yuria iliyobaki ya mahindi, na mtu akiona yasmini haitoi maua anairushia kiganja. Utapata majani ya kijani kibichi mpaka wageni wasifie, maua hamna, maana yuria ni nitrojeni tupu na nitrojeni ni ya majani. Weka samadi iliyooza vizuri, inatosha. Na usiogope kukata, wengi wanaona huruma wanasema itakasirika, lakini maua yanakuja kwenye machipukizi mapya, ukipogoa mwishoni mwa mwezi wa 8 baridi ikianza kulegea unakuwa umeitengenezea matawi ya kuzaa.

Na wanaosema yasmini inaita nyoka je? Nyoka hafuati harufu ya ua, anafuata panya, vyura na mijusi waliojificha kwenye kichaka ulichokiachia kitambae chini. Fyeka matawi ya chini kama futi moja toka ardhini, nyanyua yaliyobaki kwenye waya, hapo panapitika mwanga na hakuna wa kujificha.

Ila si kila kinachoitwa yasmini ni yasmini. Kuna ile wanaiita yasmini ya usiku, inanukia usiku mzima mpaka kwa jirani, ile ni jamaa ya nyanya na tumbaku na vitunda vyake vyeupe ni sumu. Kama una watoto wadogo naomba uijue kabla hujaipanda.

Na wanaosema ya huku haina harufu kama ya Tanga, waulize walinusa saa ngapi. Vitumba vya sambac vinafunguka jioni. Mchana unakuta ua limeshachoka, limeanza kuwa na wekundu kwa mbali. Toka nje saa 1 usiku mwezi wa 11, joto limerudi na mvua za kwanza zimeshapiga, simama pale ukutani.