Nimonia sio ajali, hata ikikupata ghafla

Juzi tena nimepigiwa simu. Mgonjwa kalazwa na nimonia, bili inapanda, na mwenye simu anataka kujua kwa nini kampuni haimlipii wakati hajawahi kuchelewesha premiamu, ile ada ya bima, hata mwaka mmoja. Namuuliza bima gani hiyo, ananambia ya ajali. Namwelewesha kwamba haihusiki na ugonjwa, ananijibu, "Si kaugua ghafla? Ghafla si ndo ajali?" Jamani. Hili swali limeshanichosha ndo maana naandika.

Bima ya afya inalipa matibabu. Uwe umeugua, uwe umeumia, mradi matibabu yamo kwenye kava, hela inaenda hospitali na bili ikishalipwa imelipwa, huwezi kwenda kuidai tena kampuni ya pili ubaki na faida. Bima ya ajali yenyewe inaangalia umepatwa na nini na kimekuacha vipi: umefariki, umepoteza jicho, mguu, umeshindwa kufanya kazi wiki 6. Inakulipa wewe mkononi, au warithi wako, kiasi kilichoandikwa kwenye polisi, yaani mkataba wa bima, hata kama bima ya afya ilishamalizana na hospitali. Ukiwa na polisi 2 za ajali, kifo hicho hicho kinaweza kulipwa na zote 2. Kinachowachanganya watu ni kile kipengele cha gharama za matibabu ndani ya bima ya ajali. Kipo kwenye polisi nyingi kweli, ila kina kikomo, na ni kwa majeraha ya ajali hiyo tu basi. Mtu anakiona, anaona na premiamu iko chini, anajua kapata bima ya afya kwa bei rahisi. Hapana! Iko chini kwa sababu magonjwa hayamo.

Sasa neno lenyewe, ajali. Kwenye polisi maana yake ni tukio la ghafla, usilolitegemea, lililotoka nje ya mwili wako na ndilo lililokuumiza. Vyote kwa pamoja. Kiharusi kinakupiga sekunde moja lakini kimetokea ndani. Mgongo uliochakaa kwa kubeba mizigo miaka 10, mizigo ilitoka nje sawa, ila hakuna siku unayoweza kuitaja ukasema ndo siku yenyewe.

Na hapa watu wanapoteza haki yao kwa kalamu yao wenyewe, hili linaniuma sana. Niliwahi kuletewa fomu ya fundi bomba, pale panaposema "eleza tukio lilivyotokea" kaandika mstari mmoja: "bega lilianza kuniuma nikiwa kazini". Klemu, yaani madai yake ya kulipwa, ikakataliwa. Nikakaa naye, kumbe ngazi iliteleza, akadaka bomba kwa mkono mmoja uzito wote ukaning'inia hapo, bega likachomoka. Hiyo ni ajali kabisa! Lakini "lilianza kuniuma" anayesoma anaona ugonjwa. Tukaandika upya, siku, saa, ngazi, na nani alikuwa ameishika chini, akalipwa.

Na msidhani huu mpaka kati ya ugonjwa na ajali umenyooka. Ujerumani enzi za kansela Bismarck walitunga sheria ya bima ya ugonjwa 1883 na ya ajali kazini 1884, mifuko miwili tofauti. Ya ugonjwa mfanyakazi alichangia theluthi 2 na mwajiri theluthi 1, ya ajali waajiri peke yao. Ila aliyeumia kazini, wiki 13 za mwanzo alihudumiwa na mfuko wa ugonjwa. Yaani tangu mwanzo hivi vitu vilikuwa vinaingiliana.

Bado vinaingiliana. Mtu kakutwa chini ya ngazi za nyumba kafariki, damu imevuja kwenye ubongo. Kateleza, kichwa kikagonga sakafu? Au mshipa ulipasuka akiwa bado amesimama, ndo akaanguka? Ya kwanza familia inalipwa yote, ya pili hailipwi hata senti, na aliyekuwepo hayupo. Madaktari 2 wanaleta ripoti 2 zinazopingana. Mafaili ya hivi nimesaini, mengine kulipa mengine kukataa, na kuna moja nililokataa ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona tungelipa.