Msitu wa ukungu: maana yake, na mfano wa Mlima Marsabit

Msitu wa ukungu ni msitu unaojipatia sehemu ya maji yake kwenye ukungu, si kwenye mvua peke yake. Kaskazini mwa Kenya misitu hiyo imeota juu ya milima iliyozungukwa na nchi kame: Marsabit, Kulal, Nyiru, na safu za Ndoto na Mathews huko Samburu.

Chukua Marsabit, mlima wa volkano wenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiteremka upande wa kaskazini-magharibi unafika jangwa la Chalbi, vumbi na magadi matupu. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hufika mlimani ukiwa bado na unyevu. Upepo huo ukipanda mteremko hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu. Ukungu hutanda usiku, na mara nyingi hauondoki mpaka jua liwe limepanda. Ukisimama uwanjani utalowa nywele tu. Ingia chini ya miti uone tofauti: umande umenata kwenye majani na kwenye mimea ya kijivu inayoning'inia matawini kama ndevu, matone yanakua, yanadondoka, na udongo umelowa ilhali mvua haijanyesha.

Mlima hauna mto wa kudumu. Mwamba wake una nyufa nyingi, maji ya mvua na ya ukungu huzama na kuibukia kwenye chemchemi, zikiwemo za Bakuli zinazotegemewa na mji wa Marsabit.

Kwa hiyo mti mkubwa ukikatwa, ukungu utakuja vilevile, ila utapita bila kunaswa. Mche uliopandwa leo hauna matawi ya kazi hiyo, na ndiyo maana kulinda miti iliyopo kuna faida kuliko sherehe za kupanda miche.

Ulinzi wa kisheria upo. Marsabit ni hifadhi ya wanyamapori, na Kulal iliingizwa na UNESCO katika hifadhi za baiyosfia, yaani maeneo ambamo mazingira hulindwa sambamba na maisha ya watu, mwaka 1978. Ndovu Ahmed wa Marsabit, aliyesifika kwa pembe zake ndefu, alilindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mpaka alipokufa mwaka 1974. Mizeituni-mwitu, miti ya msitu huo inayounyweshea mlima kwa kunasa ukungu, haijawahi kupata heshima hiyo.

Kuzungushia mlima mzima uzio si dawa. Ukame ukikaza, Warendille, Wagabra, Waborana na Wasamburu hupandisha mifugo huko kwa sababu nyasi za bondeni zimekwisha. Afadhali sehemu ya juu na chemchemi zifungwe kabisa, malisho ya chini yapangwe na wazee wa jamii hizo, na mji utafutiwe nishati nyingine badala ya kuni za msituni.