Meno ya msumeno kwenye filamu za katuni: yanayodhaniwa na ukweli wake

Jumamosi moja dada yangu aliniita nikatazame runinga yake mpya ya 4K ambayo wanawe walisema ni mbovu. Katuni ilikuwa ikicheza kutoka kwenye deki ya zamani ya DVD, iliyounganishwa kwa waya ule wenye vichwa vitatu, cha njano, chekundu na cheupe, na mstari mweusi wa kidevu cha mhusika, uliopaswa kuwa na mviringo laini, ulishuka kwa vipandio kama vya ngazi. Mpwa wangu alivigusa kimoja kimoja kwa kidole hadi saba. Fundi wa mtaani alikuwa ameshashauri kioo kibadilishwe.

Dhana hiyo ya kioo kibovu ndiyo inayowagharimu watu fedha nyingi kuliko zote. Kioo kilichoharibika huonyesha mistari iliyosimama wima, madoa meusi au upande mmoja wenye giza, nacho hakichagui kingo za michoro peke yake. Tatizo hapa ni hesabu: DVD ya mfumo wa PAL, unaotumika kwetu, ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo, yaani 414,720, ilhali kioo cha 4K kina nukta 8,294,400, ambazo ni mara 20 kamili. Nukta 19 kati ya kila 20 unazoziona zimekisiwa na runinga, na ikikisia vibaya, mstari wa mshazari hugeuka ngazi.

Wengine husema kwamba ikiwa filamu ya waigizaji inaonekana safi kwenye deki hiyohiyo, basi diski ya katuni ni feki. Hoja hii inavutia, lakini haishiki. Picha ya kamera ina chembechembe, vivuli na sehemu zisizokolea, na makosa ya runinga hujificha humo. Mchoro una wino mweusi uliolala kando ya rangi moja iliyotandazwa, na hapo kosa halina pa kujificha.

Chanzo kinachosahaulika zaidi ni namna picha inavyosafirishwa. Kupitia waya wa vichwa vitatu, kila picha hugawanywa nusu mbili, moja ya mistari witiri na nyingine ya mistari shufwa, na nusu 50 hupelekwa kila sekunde. Kwa mpira wa miguu, kila nusu imepigwa kwa wakati wake. Kwa katuni iliyotengenezwa kama filamu, nusu zote mbili kwa kawaida zimetoka kwenye picha ileile, hivyo zinaweza kuunganishwa bila dosari yoyote, lakini runinga isiyolitambua hilo huitendea katuni kama mpira: hutupa nusu moja na kuinyoosha iliyobaki, ambayo ina mistari 288 tu. Ikiunganisha nusu zisizo za picha moja, mkono unaopungwa huota meno kama ya chanuo huku ukuta ulio nyuma yake ukibaki safi. Kwa hiyo, kabla ya kugusa rimoti, tazama kwanza: meno yanayotokea kwenye mwendo pekee yanatokana na uunganishaji, na yale yanayobaki hata mhusika akitulia huwa mara nyingi yanatokana na ukuzaji au mipangilio.

Katika mipangilio, mkosaji mkuu ni kile kipimo cha “Sharpness”, yaani ukali wa picha, ambacho wengi hukipandisha wakiamini kinasafisha kingo. Hakiongezi chochote kilichokosekana kwenye diski. Hukoleza tofauti kati ya nukta jirani, na vipandio vikakolea pamoja nayo. Kishushe mpaka ule ukungu mweupe unaozunguka mistari ya wino upotee. Angalia pia kama nembo ya kituo iliyo pembeni imekatwa, kwa kuwa runinga nyingi bado hukuza picha kidogo na kukata kingo zake, desturi iliyorithiwa kutoka runinga za chogo, na hivyo kuharibu hata picha iliyofika ikiwa nzima.

Waya wa HDMI, ule wa kichwa kimoja unaobeba picha na sauti pamoja, hata ukiwa wa bei ghali hautaondoa vipandio. Waya mbovu hutoa vimulimuli au kioo cheusi cha ghafla. Ulainishaji wa mwendo, yaani runinga kubuni picha za katikati ili mwendo uonekane laini, nao ni heri uzimwe: katika katuni mara nyingi mchoro mmoja hurudiwa kwa picha mbili za filamu, yaani michoro 12 kwa sekunde, na runinga inayobuni picha za katikati huchakaza kingo.

Deki ya dada yangu ilikuwa na tundu la HDMI lililojaa vumbi. Tuliweka waya wa kawaida, tukaiamuru deki itoe picha nzimanzima, tukashusha ule ukali. Mpwa wangu alirudi kuhesabu, pua ikikaribia kugusa kioo, akapata vipandio viwili.