Barua za Nyumbani za Viongozi wa Wacherokee

Kwa sisi wahifadhi wa nyaraka, ombi la kwanza kwa msomaji wa barua za viongozi wa karne ya 19 wa Wacherokee, taifa la wenyeji asilia wa Marekani, ni kwamba asitenge barua za siasa na barua za jamaa, kwa sababu katika taifa hilo mambo hayo mawili yalikaa nyumba moja.

Mkataba wa New Echota, uliotiwa saini Desemba 1835 na kundi dogo lisilo na idhini ya serikali ya taifa, ndio uliotumiwa na Marekani kuwahamisha Wacherokee kwa nguvu mwaka 1838 na 1839, safari iliyoua maelfu. John Ross, Chifu Mkuu kuanzia 1828 hadi kifo chake mwaka 1866, aliupinga kwa barua nyingi alizopeleka Washington. Kiongozi mwingine, Stand Watie, alikuwa miongoni mwa waliousaini, na kaka yake, Elias Boudinot, aliuawa kwa sababu ya mkataba huo Juni 1839. Leo sehemu kubwa ya karatasi za Ross iko Tulsa, na za ukoo wa Watie ziko Chuo Kikuu cha Oklahoma, mjini Norman. Anayesoma fungu moja tu amesikiliza upande mmoja wa shauri.

Tahadhari nyingine ni ya lugha. Tangu mwaka 1821 Wacherokee walikuwa na maandishi yao wenyewe, yaliyobuniwa na Sequoyah, lakini barua za viongozi hawa nyingi ni za Kiingereza, hivyo sauti ya wananchi wa kawaida haisikiki humo sawasawa. Watumwa ndio walionyamazishwa zaidi: sensa ya mwaka 1835 iliwahesabu 1,592 kati ya Wacherokee, Ross na Watie wote wawili waliwamiliki, na katika barua hizi hutajwa na mabwana zao tu.

Utajiri wenyewe umo katika barua za wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), Watie alipokuwa akipigana upande wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, naye mkewe Sarah amekimbilia Texas na watoto. Mwaka 1863, baada ya kusikia kwamba mwanawe Saladin alihusika katika kumuua mateka, Sarah alimwandikia mumewe akitaka kujua aliyeuawa ni nani na ilikuwaje, na akaagiza vijana wake waonyeshe huruma. Novemba mwaka huohuo Watie alimwarifu kwamba amechoma jengo la baraza mjini Tahlequah, makao makuu ya taifa, pamoja na nyumba ya John Ross. Katika barua hiyohiyo alieleza kwamba amezuia mateka wasiuawe, kwa kuwa Sarah alikuwa amemwambia kwamba mtu mmoja wa ukoo wa Ross asiuawe, kwa ajili ya bibi mmoja mzee wa ukoo huo.